Mlima wa Ngomo na Motokari Kuukuu

Mji wa Uvira umekaa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha meta 770 na ushei juu ya bahari. Mji wa Bukavu umekaa penye Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko karibu meta 1,460. Mto Ruzizi ndio uunganishao maziwa hayo mawili: hutoka Kivu, hupita kwa kelele katika magenge, kisha hutulia katika bonde pana na kuingia Tanganyika. Basi msafiri atokaye Uvira kwenda Bukavu husafiri kinyume cha mto. Katika njia ya kilometa 120 na ushei hupanda karibu meta 700, na sehemu kali ya kupanda huko ni mlima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi.

Njia hiyo, wasomaji wapenzi, yafaa ifikiriwe na kila mwenye motokari kuukuu. Nasema ile ya zamani, yenye kabureta inayochanganya petroli na hewa, na yenye platini zinazofunga na kufungua umeme wa cheche. Motokari za siku hizi zina kompyuta inayotunza makosa, na fundi huyasoma kwa chombo chake. Ile ya zamani haina karani wa namna hiyo. Hata hivyo si bubu. Husema kwa taa zake, kwa mlio wake, kwa moshi wake, na zaidi kwa mahali inapokataa kwenda. Uvira huijaribu kuamka kwake. Bonde huijaribu kwa joto na vumbi. Ngomo huijaribu nguvu. Mwenye kusikiliza majaribu hayo matatu hatatupa fedha yake ovyo.

Mwezi wa Julai 2017 nilisafiri njia hiyo pamoja na mjomba wangu, mwenye motokari ya namna hiyo. Kwa kubeba watu na mizigo siku za soko ilikuwa imewalisha watoto wake miaka mingi. Sasa ilikuwa imeanza kumla yeye. Asubuhi haikuwaka bila kusukumwa. Mlimani iliishiwa nguvu na kuzimika. Alikuwa amekwisha kununua betri mpya, akanunua na bobini mpya, kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya karo za mwezi wa Septemba. Ugonjwa ukabaki vile vile. Mwishowe fundi mmoja akamwambia kwamba injini imekwisha, hapana budi kuifungua yote. Gharama ya kazi hiyo ingemlazimu kuuza kiwanja chake. Mjomba aliniambia: “Mwalimu, nataka kwenda nayo Bukavu mara moja tena. Ikikataa, nitauza kiwanja.”

UVIRA: KUAMKA

Saa kumi na mbili asubuhi mjomba alizungusha ufunguo. Stata ilinguruma mara moja kama mtu mwenye usingizi, taa zikafifia, kukawa kimya. Majirani walikuja kusukuma, maana walikwisha kuzoea.

Kwa kawaida mtu akiona hivyo husema: betri imekufa. Pengine ni kweli, lakini kusema si kupima. Nilikuwa na kipima umeme, kile nilichotumia kufundishia wanafunzi wangu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 ni karibu tupu. Ile ya mjomba ilionyesha 12.5. Basi ilikuwa nzima. Stata ilipojaribu kuzunguka, volti za betri zilishuka hadi 11 tu, wala si vibaya, kwa maana hata zikifika 10 betri yafaa bado. Umeme ulikuwapo, ila haukufika mahali pa kazi.

Hapo yatupasa kukumbuka jambo ambalo wengi husahau. Maji ya Ruzizi huzungusha mitambo ya umeme, kisha huenda zake ziwani, hayarudi. Umeme wa motokari si hivyo. Ukitoka katika betri ni lazima urudi katika betri, na njia ya kurudi yapaswa kuwa pana sawa na njia ya kwenda. Waya mnene huupeleka kwenye stata. Kurudi kwake hupita katika chuma cha injini na cha bodi, na njia hiyo mafundi wetu huiita masi. Lakini injini imelazwa juu ya mipira ili isitetemeshe watu. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo watengenezaji huweka ukanda wa waya uliosukwa, kutoka injini mpaka bodi. Ni kitu kidogo, kimefichika chini, chapigwa matope kila siku, wala hakuna mtu anayekikumbuka.

Niliweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa cha betri cha upande wa kutoa, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini penyewe. Mjomba akazungusha ufunguo. Penye njia njema kipimo hakipiti nusu ya volti. Hapo kilionyesha volti 3. Volti 3 zilikuwa zinapotea katika njia ya kurudi! Tena mjomba akakumbuka jambo: siku nyingine, akiwasha taa usiku, waya wa kuvutia choki ulikuwa wa moto hata haushikiki. Kumbe umeme, ulipokosa barabara yake, ulikuwa unapita katika kijia hicho chembamba.

Tukalala chini ya gari. Ukanda ulikuwa umeoza, rangi yake ya kijani, nyuzi chache tu zikishikilia. Tulikata kipande cha waya mnene wa zamani, tukaparuza chuma mpaka kikang'aa, tukafunga kwa spana. Stata ikazunguka kwa nguvu na injini ikawaka. Nikapima tena kwenye vichwa vya betri, injini ikienda: volti 14. Hiyo ndiyo afya, kwa kuwa alternata njema hutoa kati ya 13.8 na 14.4. Alternata nayo imefungwa kwenye injini, nayo yahitaji njia ile ile. Ndiyo sababu betri mpya ya mjomba ilikuwa haishibi. Angalinunua betri tatu, zote zingalikufa njaa.

BONDE LA RUZIZI: JOTO NA VUMBI

Ukitoka Uvira kwenda kaskazini, milima ya Mitumba yasimama mkono wa kushoto kama ukuta, na mkono wa kuume, ng'ambo ya Ruzizi, waona vilima vya Burundi. Unapita Kiliba, palipojengwa kiwanda cha sukari, kisha Sange, kisha Luvungi. Bonde ni tambarare. Mwezi wa Julai mvua haipo, na kila lori huacha wingu la vumbi ambalo hukaa hewani muda mrefu.

Katika tambarare motokari ya mjomba ilikwenda vizuri. Mimi niliweka neno hilo moyoni, maana nalo ni ushuhuda. Injini iliyokwisha kabisa haiwezi kwenda vizuri saa nzima hata penye tambarare. Hutoa moshi wa samawati, hula oili, hutetemeka ikisimama. Hii haikufanya hayo.

Vumbi la bonde huziba chujio cha hewa. Injini ikikosa hewa huvuta petroli kupita kiasi, moshi huwa mweusi, nguvu hupungua. Dawa yake ni nyepesi: toa chujio, likung'ute, ulitazame kwa kulielekeza kwenye jua. Usipoona nuru yo yote, libadilishe. Joto nalo lina ujanja wake. Pengine petroli huchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, ikageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Dereva akizimikiwa hivyo huweka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, husubiri, kisha huondoka.

Palipo petroli na cheche, pawe na adabu. Sange yatukumbusha. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika kijiji hicho. Mafuta yakamwagika, yakashika moto, na watu zaidi ya 200 wakafa, miongoni mwao watoto. Tulipopita hapo hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Basi mtu asitafute uvujaji wa petroli kwa kiberiti wala kwa mshumaa. Asivute sigara. Kabla ya kufungua bomba la mafuta, atoe waya wa betri. Akitaka kutazama cheche, aifanye kazi hiyo mbali na petroli iliyomwagika, baada ya kupangusa na kungoja mvuke uondoke. Petroli yenyewe waiona. Mvuke wake huuoni.

NGOMO: NGUVU

Kamanyola ni mwisho wa tambarare. Hapo msafiri alikuwa na njia mbili. Madereva wengi walivuka kuingia Rwanda kwa Bugarama, wakapita barabara ya lami hadi Kamembe, wakarudi Kongo kwa kuingia Bukavu. Wengine walipanda Ngomo. Njia ya Ngomo ni nyembamba. Upande mmoja mwamba, upande wa pili shimo ambalo macho hayapendi kulitazama. Malori mengi yameanguka humo. Mjomba hakuwa na karatasi za kuvukia mpaka, kwa hiyo tukapanda.

Robo saa ya kwanza ilikwenda vema. Kisha injini ikaanza kukohoa, ikashtuka mara mbili, nguvu ikapungua kidogo kidogo, ikazimika kwenye kona. Mjomba akakanyaga breki mara moja na kwa nguvu. Alifanya vema. Katika motokari nyingi breki husaidiwa na injini. Injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, baadaye kanyagio huwa gumu kama jiwe. Tukashuka wote upande wa mwamba, kila mtu akatafuta jiwe la kuweka nyuma ya magurudumu. Mama mmoja mzee wa Luvungi, aliyekuwa na kuku wawili, aliweka jiwe kubwa kupita letu sote.

Mjomba akasema: “Waona, Mwalimu? Ni kimo. Motokari ya mzee haipendi kimo.”

Neno hilo husemwa na wengi, nalo lina ukweli ndani yake. Juu mlimani hewa ni nyepesi, na injini ya namna hiyo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Lakini tufanye hesabu. Kutoka Uvira hadi Bukavu ni meta 700 tu. Motokari yenye nguvu za farasi 60 huko Uvira itabaki na karibu 56 huko Bukavu. Mwenye kupoteza nne katika sitini atapanda polepole kidogo, hatasimama. Kimo kilisingiziwa.

Nilimwomba mjomba asisubiri ipoe kama ilivyokuwa desturi yake. Gari lililozimika ni kama mtoto aliyekamatwa na kosa mkononi: liulize wakati huo huo. Likipoa litakana yote. Maana magonjwa mawili hufanana sana hapo. Bobini au kondensa iliyochoka hukata cheche ikipata moto, hurudisha cheche ikipoa. Petroli nayo, ikifika kidogo kidogo, humaliza akiba iliyomo katika kabureta. Gari likipumzika dakika kumi, akiba hujaa tena. Yote mawili huzima mlimani, yote mawili hupona kwa kupumzika. Mtu asiyepima atanunua bobini, kama mjomba alivyonunua.

Kwanza cheche. Tulitoa buji moja, tukaivika waya wake, tukailaza juu ya chuma cha injini. Mjomba akazungusha ufunguo. Cheche ilikuwa ya samawati, nene, yenye mlio. Ingekuwa ya manjano na dhaifu, au isingekuwapo, tungalitazama platini, ambazo mara nyingi hutakiwa kuachana kama milimeta 0.4, kisha kondensa, kisha kifuniko cha kigawanya-cheche, kile mafundi waitacho delko, tusije tukakuta kina ufa au unyevu. Lakini hapakuwa na haja.

Pili petroli. Injini ikiwa imezimika, tulitoa chujio la hewa na kutazama kooni mwa kabureta, huku mjomba akivuta waya wa akselereta. Kabureta yenye petroli hutema uzi mwembamba wa mafuta. Hii haikutema hata tone. Ilikuwa kavu, na ndani ya tangi mlikuwa na petroli nusu nzima.

Basi mafuta yalizuiwa njiani. Wapi? Mtu mwenye akili huanza mahali pasipogharimu kitu. Nilikwenda nyuma nikafungua mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi! Hewa iliingia kwa sauti ya kufyonza, na sisi sote tuliisikia, hata mama mwenye kuku. Mjomba alikumbuka mara moja: mfuniko wa kwanza uliibwa mwaka uliopita, naye akatafuta mwingine wenye mpira mzuri, unaobana sana. Ulibana kupita kiasi. Mfuniko wa asili wa gari lile una tundu dogo la kuingizia hewa, ili petroli inapotoka hewa ishike nafasi yake. Mimina mafuta ya mawese katika chupa kubwa iliyopinduliwa, utaona jambo hilo hilo: kama hewa haiingii, mafuta hayatoki. Penye tambarare injini hunywa kidogo, na hewa ile ndogo iliyojipenyeza ilitosha. Ngomo ilidai kinywaji kikubwa, na tangi likakataa.

Tulitoboa tundu dogo katika mfuniko, tukalihifadhi kwa kipande cha kitambaa safi ili vumbi lisiingie, mpaka utakapopatikana mfuniko wa haki. Injini iliwaka. Tukatoa mawe, tukapanda hadi Nyangezi bila kusimama.

KAMA SI CHECHE WALA PETROLI

Sisemi kwamba kila motokari dhaifu ina mfuniko mbaya. Nasema kwamba kila ugonjwa una mahali pake pa kuulizwa. Kama tangi lapumua, tazama chujio la petroli, kisha pampu, kisha kabureta. Kama injini yapiga kelele nyingi na gari haliongezi mwendo, injini haina kosa; klachi ndiyo inateleza. Kama baada ya mwendo gurudumu moja lina moto kuliko mengine, breki yake imeshika, na injini yavuta mzigo ambao huuoni. Toa buji uzisome: zikiwa na rangi ya udongo mwepesi, injini yala vema, zikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli imezidi, jambo ambalo hutokea zaidi kwenye kimo, zikiwa na oili mbichi, hapo pana ugonjwa wa ndani.

Mwisho kabisa, pima mgandamizo wa kila silinda. Ikiwa silinda zote zakaribiana, tena hakuna iliyoshuka sana, injini yako bado hai, hata kama ni nzee. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, ndipo fundi ana haki ya kusema: tufungue. Kazi ya gharama kubwa na ije baada ya maswali yote ya bure kujibiwa. Tena badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha badilisha kingine. Anayebadilisha vinne pamoja, hata gari likipona hajui dawa ni ipi.

BUKAVU

Tuliingia Bukavu jioni, wakati ziwa linapogeuka rangi ya shaba na taa za vilima zinapoanza kuwaka. Huko mjomba alikwenda kwa fundi mwenye kipima mgandamizo. Silinda nne zote zilikuwa karibu sawa. Kiwanja hakikuuzwa. Gharama ya ugonjwa wote ilikuwa kipande cha waya, parafujo mbili na mfuniko mmoja. Fedha ya betri na ya bobini haikurudi, nayo ndiyo iliyouma. Mwezi wa Septemba mtoto mmoja alianza masomo kwa wakati, na mwingine alingoja majuma matatu mpaka motokari ilipoileta karo yake.

Tangu hapo njia hiyo imepatwa na mashaka mengine, ambayo hayaponi kwa bisibisi. Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na vita vikawatenga watu wa juu na watu wa bondeni. Lakini Ngomo yabaki mahali pake, na kila motokari kuukuu ipandayo mlima wo wote itaulizwa maswali yale yale: Je, umeme una njia ya kwenda na ya kurudi? Je, cheche ipo wakati wa kuzimika? Je, petroli yafika, na hewa yafika? Mwenye motokari anayejua kuuliza hayo, tena kwa utaratibu, hatamwogopa fundi wala hatamdharau. Ataketi naye, watapima pamoja, na fedha ya watoto itabaki ya watoto.